Nyongeza ya Mheshimiwa

Sogeeni karibu, na mwenye simu ailaze kifudifudi nayo ipumzike. Palikuwa na nchi. Ningesema zamani sana, kama wanavyosema wenye hadithi, lakini ilikuwa juzi, na nchi yenyewe bado ipo. Ina jina zuri. Jina hilo limekodishwa kwa kampuni ya dawa ya mbu, na mpaka mkataba uishe, anayelitaja lazima aitaje na dawa. Mimi dawa ile haijanisaidia, kwa hiyo nitasema nchi yetu tu, na mtaelewa.

Nchi yetu ilikuwa na Wizara ya Mwonekano. Msidhani iliundwa kwa ubaya. Mheshimiwa Waziri alikuwa mtu wa huruma. Siku moja alipita karibu na soko kwenye gari lake, vioo vyeusi vimefungwa mpaka juu, akatazama nje, asione biashara hata moja. Akahuzunika sana. Alipofika ofisini aliita waandishi wa habari, akasema maneno ambayo baadaye yalipakwa rangi kwenye kila ukuta, hata ukuta wa makaburi:

"Ndugu wananchi! Biashara isiyoonekana haipo! Na kitu ambacho hakipo hakiwezi kununuliwa! Na kisichonunuliwa hakitozwi kodi! Kwa hiyo serikali yenu sikivu itahakikisha kila kilichopo kinaonekana, na kisichoonekana kinaondoka!"

Tulipiga makofi. Tulikuwa tunatazama kwenye televisheni ya muuza mkaa, ambaye alitufungulia bure na kutuletea na mabenchi, na si adabu kutazama cha mtu halafu ukanyamaza.

Tangu siku hiyo salamu ya serikali ikawa hivi: kiongozi akisema "Kuonekana!" mnajibu "Ndiyo kuwepo!" Misibani ilileta taabu kidogo, lakini tulizoea.

*

Sasa niwaambie habari za mkwe wangu, Somoe. Mume wake alikuwa mwanangu. Alipofariki, watu walidhani Somoe atafunga mzigo arudi kwao. Hakurudi. Aliniambia, "Mama, nikiondoka mimi, nani atakukuna mgongo?" Akabaki, akaanza kuuza uji kwenye lango la soko, nami nikawa nakaa pembeni yake kuchochea kuni na kusema watu.

Uji wake ni wa ulezi, una tangawizi na pilipili manga, na ni mzito kiasi cha kumsimamisha mtu asubuhi. Wanywaji wake ni wachukuzi, wale wa mikokoteni na magunia. Wanakuja na vikombe vyao. Somoe anajaza kwa upawa, wanakunywa wamesimama, wanalipa. Kikombe kikiisha, mchukuzi anakinyoosha tena kwa mikono miwili na kutazama pembeni, kana kwamba mikono si yake. Somoe anamtilia nusu upawa. Hiyo ndiyo nyongeza. Hailipiwi, wala haiombwi kwa mdomo. Anayeiomba kwa mdomo wenzake humcheka kwamba hakufundwa.

"Kapungu," Somoe alikuwa akimwambia mmoja wao, mchukuzi mrefu mwenye kikombe cha bati, "hicho ni kikombe au karai la zege?"

"Kikombe, shemeji. Kilikuwa kidogo, kimekua kwa kulishwa vizuri."

"Basi kiozeshe, kihame kwako."

Ndivyo siku zetu zilivyokuwa zikianza.

Asubuhi moja akaja Afisa Mwonekano wa wilaya, anaitwa Mtengwa. Kijana mwenye miwani mikubwa na adabu kubwa zaidi. Aliniamkia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa hajaanza kurekodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu, kama zamani zile."

Akamgeukia Somoe. "Mama Uji, biashara yako ina wafuasi wangapi?"

Somoe akaonyesha kwa upawa. "Hao hapo."

"Hao ni wateja, mama. Mimi nauliza wafuasi."

"Huyu Kapungu ananifuata tangu naanza. Hata nilipougua alinifuata nyumbani kuuliza hali."

"Anakufuata kwa miguu," Mtengwa akasema kwa upole. "Kwa miguu haihesabiki."

Kapungu akaitazama miguu yake kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Mtengwa akatueleza sheria, taratibu, bila kutukaripia. Nafasi zote nzuri za soko sasa zilikuwa za biashara zinazoonekana. Kutakuwa na Maonyesho Makuu ya Biashara katika uwanja wa taifa, na huko ndiko itakakojulikana nani anaonekana na nani haonekani. Baada ya hapo lango letu atapewa mwenye kuonekana zaidi katika tasnia ya uji. Na alikuwepo tayari aliyeliomba, Bwana Edigar Pazi, Mkurugenzi Mtendaji wa Uji Dijitali.

"Anapikia wapi huyo?" nikauliza.

"Hapiki, bibi. Anaonekana."

Somoe aliendelea kukoroga, lakini alikoroga sehemu moja tu, nikajua ameumia. Ninyi msiouza uji mnaweza kudhani ni nafasi tu, atapata nyingine. Langoni ndipo mikokoteni inapoanzia siku. Ukiondolewa pale, uji unapoa kabla hujampata mnywaji, na uji ukishapoa, jikoni kwetu kunapoa pia.

"Halafu kuna hili," Mtengwa akaongeza. "Nimeona unatoa nyongeza. Nyongeza ni tangazo lisilosajiliwa, maana unamvutia mteja bila kibali. Naomba uache."

Alipogeuka kuondoka, mkongojo wangu ukaanguka, akarudi akaniokotea na kuufuta vumbi. Jambo hilo halikuwa katika kazi yake. Nikaona pia koo lake likipanda na kushuka mvuke wa uji ulipompitia. Nikasema moyoni, mtoto huyu hakunywa chai.

*

Serikali haikutuacha hivihivi. Ilituandalia semina ya kujitangaza, na mtaalamu akaletwa kutoka makao makuu, kijana aliyevaa suruali ya kubana mpaka nikamwonea huruma.

"Mama Somoe," akasema, "watu hawanunui uji. Wananunua hadithi. Hadithi yako ni ipi?"

"Napika uji."

"Hiyo ni kazi. Nataka hadithi. Umewahi kulia?"

"Nani hajawahi kulia?"

"Safi! Nimesoma hapa kwamba wewe ni mjane." Akanyanyua simu. "Sema: tangu mume wangu aondoke, uji huu ndio mume wangu. Halafu toa chozi. La kushoto, maana mwanga uko kushoto."

Somoe akajifunga kanga upya, polepole. "Mume wangu alipenda uji wenye chumvi," akasema. "Nilikuwa namtilia kabla sijatia sukari ya watu wengine. Hilo umelisikia wewe kwa sababu umekuja kwangu. Simuni halimo."

Yule kijana akanywea. Alikuwa ametumwa, na asingeweza kurudi bila chozi. Nikamwambia, njoo hapa mwanangu, nitakulilia mimi. Nikamkumbuka kuku wangu mwekundu aliyechukuliwa na mwewe, kuku mwenye tabia nzuri, nikalia vizuri sana, kushoto na kulia. Yeye akaweka muziki wa kinanda, akaandika chini yake, "Uji Unaomliza Bibi."

Watu wakatazama kweli. Mmoja akauliza kama ni pilipili imezidi. Mwingine akasema Wizara ya Afya iingilie kati. Mwanamume mmoja wa mbali akaleta posa, na Somoe akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile alipogundua kwamba posa yenyewe ilikuwa yangu. Wafuasi hawakuongezeka.

"Mama," aliniambia tulipokuwa tukirudi, "wakichukua lango, tutafanyaje?"

Nilimshika mkono tu, tukaenda.

*

Maonyesho Makuu yalikuwa makubwa, sitawadanganya. Banda kubwa kuliko yote lilikuwa la Wizara ya Mwonekano, na ndani yake palikuwa na picha za Mheshimiwa Waziri akitazama mabanda ya miaka iliyopita. Mamlaka ya Umeme ilionyesha taa inayowaka. Mamlaka ya Maji ilionyesha bomba linalotoa maji. Watu walijipanga kupiga picha na lile bomba. Mama mmoja alimnyanyua mwanawe akimwambia, "Tazama vizuri, usije ukasema sikukuonyesha." Sisi tulipewa nafasi nyuma ya hilo bomba, penye tope.

Bwana Edigar Pazi alikuwa mbele, kwenye zulia. Alivaa suti ya rangi ya ulezi, akaweka juu ya meza ya kioo kikombe kimoja cha uji, chini ya taa. Ulikuwa mzuri kuliko uji wowote niliowahi kuona, unang'aa, haupoi, hauoti utando. Nikanusa. Ulikuwa gundi ya seremala iliyotiwa rangi.

"Uji halisi haupigiki picha, bibi," alinieleza kwa heshima, akanipa na kadi yake. "Mfululizo wetu wa Machweo ya Ulezi umependwa na watu wa nchi nyingi."

"Na wanaotaka kunywa?"

"Bado hatujafika huko. Hiyo ni awamu ya mwisho."

Vipaza sauti vikanguruma: "Tunawakumbusha washiriki wote, haya ni maonyesho ya biashara. Kufanya biashara ni marufuku. Mwenye kutaka kununua aende sokoni. Kuonekana!"

"Ndiyo kuwepo!" tukajibu. Soko lilikuwa limefungwa kwa kufuli siku hiyo, kwa kuwa wauzaji wote tulikuwa tumeletwa kwenye maonyesho.

Mtengwa akapita kukagua. Akakuta Somoe amepanga mafiga matatu na sufuria kubwa juu yake.

"Mama Uji, uji wa kweli hauruhusiwi. Moshi unatia ukungu kamera."

"Si bidhaa," Somoe akasema. "Ni chakula cha bibi. Meno yake hayawezi kitu kingine."

Mtengwa akaitazama sufuria, kisha akanitazama mimi, ambaye hata kwenye mzani wa vitunguu singesumbua jiwe la pili.

"Chote hiki ni cha bibi mmoja?"

"Bibi huyu anakula sana."

"Sana," nikasema.

Akavuta pumzi. "Chakula cha bibi hakimo kwenye kanuni," akasema, akaenda zake. Mnaona? Watu wanawasema vibaya maafisa, lakini mimi nawaambia nilichokiona.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe, na mgeni rasmi hachelewi. Sisi ndio tunaowahi. Milango ya uwanja ilifungwa ili umati usipungue kabla ya picha ya pamoja. Bendi ikapiga, ikapiga tena, mpiga tarumbeta akakaa chini akashika tumbo. Jua likapanda, likaanza kushuka. Pembeni yetu walikuwapo wanaoonyesha mikate ya plastiki, wanaoonyesha maziwa kwenye bango, wanaoonyesha samaki kwenye televisheni. Hakuna aliyekuwa na cha kuweka mdomoni. Watoto wakaanza kulia bila kufundishwa na mtaalamu.

Ndipo wachukuzi walipokuja. Ndio waliobeba mabanda yale yote mgongoni tangu alfajiri, nao wakafungiwa humo ndani. Kapungu alikuwa mbele, kikombe cha bati kikining'inia kiunoni. Alisimama mbele ya sufuria, akakishika kwa mikono miwili, akatazama pembeni, upande wa bomba.

Somoe akamtazama. Akaangalia kule aliposimama Mtengwa, ambaye alikuwa ameiona mikono ile. Somoe alijua kabisa: akitia upawa mmoja, anaweza kufukuzwa uwanjani, na lango limekwenda.

"Shemeji, acha," Kapungu akanong'ona. "Usijiponze. Nilikuwa nanusa tu."

"Kunusa hakumshibishi mtu mrefu kama wewe," Somoe akasema. Akatia upawa mzima.

Mtengwa akaja mbio. Akasimama mbele yetu, kinywa wazi. Tukangoja. Akaanza kufikiri kwa sauti, kama wanavyofundishwa: "Kuuza ni marufuku. Hujauza. Umetoa nyongeza. Nyongeza ni tangazo lisilosajiliwa..." Mvuke wa uji ukampitia. Koo lake likapanda, likashuka. "Lakini humu uwanjani matangazo yote yamesajiliwa. Ndiyo maana mmelipa kiingilio. Kwa hiyo humu ndani nyongeza ni..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ni halali."

"Nyongeza ya nini sasa, ndugu afisa," mmoja wa wachukuzi akauliza, "na sisi hatujanunua?"

"Nyamaza wewe!" wenzake wakamkemea. "Mtu anakupa mlango, unauliza bawaba!"

"Nyongeza kwanza," Somoe akasema. "Uji mtanunua kesho."

Basi ikawa hivyo. Mtu akileta kikombe anatiliwa. Asiye na kikombe akaazima kwa jirani, na waliotoka kunywa wakawa wanasuuza vikombe kwenye bomba la Mamlaka ya Maji, ambalo kwa mara ya kwanza lilifanya kazi ya bomba. Sufuria ikiisha tunakoroga nyingine, kwani ulezi tulikuja nao na maji yalikuwa hapo. Mstari ukapita banda la umeme, ukazunguka banda la Wizara. Bwana Edigar Pazi naye akaja, anatazama huku na huku.

"Naomba kidogo," akasema. "Kwa ajili ya utafiti."

Somoe alimjua kwamba ndiye anayelitaka lango lake. Akampulizia kidogo, akampa. Bwana Pazi akapiga funda, akaruka.

"Kumbe ni wa moto!"

"Taratibu, baba," nikamwambia. "Anza pembeni ya kikombe."

Alikunywa mpaka mwisho. Halafu mikono yake, kwa kuwaiga waliomtangulia, ikanyooka yenyewe.

*

Ndipo ving'ora vikalia na Mheshimiwa akaingia, na kamera zikamfuata, zote zikirusha moja kwa moja mitandaoni. Alitarajia umati umpokee jukwaani. Jukwaani palikuwa na mpiga ngoma mmoja, amelala. Mheshimiwa akaona mstari ule mrefu, umempa mgongo.

"Wale wanatazama nini?" akauliza, na kipaza sauti kilichobanwa kwenye tai yake kikatangaza swali hilo nchi nzima.

"Hawatazami, Mheshimiwa," Mtengwa akajibu. "Wanakunywa."

Kiongozi hawezi kuuona mstari asiwe mbele yake. Akaja mpaka mwanzo, walinzi wakitusogeza, akasimama juu ya tope letu na viatu vyake. Somoe akajaza kikombe kisafi, akampa. Mheshimiwa akakiinua kuelekea kamera.

"Ndugu wananchi! Kikombe hiki mnachokiona ni matunda ya sera! Bila mwonekano, ulezi huu ungebaki kuwa ulezi tu! Mimi mwenyewe, kwa niaba yenu, sasa ninaonekana nikiunywa!"

Akapiga funda moja la kamera. Akafungua mdomo kuendelea na hotuba. Akaufunga. Akapiga funda jingine, ambalo halikuwa la kamera. Kipaza sauti cha tai kikawa kinarusha, fyuu, fyuu, na taifa zima likamsikia Mheshimiwa akivuta uji.

Kikombe kikaisha. Na hapo, mbele ya kamera zote, Mheshimiwa Waziri akakinyoosha tena kwa mikono miwili, akatazama pembeni.

Wachukuzi wakatazamana. Mtu hazaliwi akijua kushika kikombe vile. Yule bwana alikuwa amelelewa kwenye lango la soko fulani, na mama fulani alikuwa akimtilia. Kwa muda ule mfupi hakuwa Mheshimiwa. Nilimwona mtoto wa mtu, ana njaa. Somoe hakucheka, wala hakusubiri. Akamtilia nusu upawa.

"Asante mama," akasema kwa sauti ndogo. Nayo ikasikika nchi nzima.

*

Kabla jua halijazama, picha ilikuwa kwenye kila simu. "Waziri Aomba." Watu wakaandika walivyojaliwa. "Mwongezeni na kiazi." "Kumbe na huko juu hakuna chai?" "Mikono miwili! Huyo ni wetu!" Wengine wakamtumia picha za vikombe vyao vitupu.

Serikali ikakutana. Ilikuwa na njia mbili: ama Mheshimiwa ameshiriki katika tangazo haramu akiwa na tai, ama nyongeza si haramu. Asubuhi msemaji akatangaza kwamba lile mliloliona halikuwa kuomba, ulikuwa uzinduzi. Mheshimiwa alikuwa anazindua Nyongeza ya Taifa.

Na biashara iliyoonekana kuliko zote nchini ikawa ya Somoe. Nilimkumbatia, tukacheka mpaka nikakohoa. Siku hiyo tulilala tukijua lango ni letu.

Wakaja na bendi. Walileta cheti kikubwa chenye fremu ya dhahabu, kikubwa kuliko mlango wetu. Wakaleta pia mafundi, saruji na uzio. Pale langoni, mahali pa mafiga yetu, wakajenga Kituo cha Kumbukumbu ya Nyongeza ya Taifa. Sanamu ya Mheshimiwa ikasimama na kikombe mikononi. Sufuria yetu ikawekwa kwenye kabati la kioo, na upawa pembeni yake, umelala juu ya kitambaa chekundu. Bwana Edigar Pazi akateuliwa mkurugenzi, kwa uzoefu wake wa uji usiopoa. Alituletea kiti tukae tutazame uzinduzi. Hakuwa mtu mbaya.

"Na mimi nitapikia wapi?" Somoe akamwuliza Mtengwa.

Kijana wa watu hakuweza kumtazama usoni. "Mama, hapa haitawezekana. Moshi utaichafua sanamu. Sheria iliwaondoa wasioonekana. Wewe umeonekana mpaka umepitiliza. Sasa umekuwa mali ya taifa."

"Kwa hiyo nimeshinda."

"Umeshinda, mama."

"Na lango limekwenda."

Mtengwa akainamisha kichwa.

Kesho yake Somoe aliamka kama kawaida. Nikamwambia, mwanangu, leo lala. Akasema, "Mama, niliwaambia uji watanunua kesho, na kesho yenyewe imechelewa." Tukaazima sufuria kwa muuza mkaa, ambaye alitupa na mkaa wa kuanzia, tukaenda nyuma ya soko, kwenye kona ya ukuta ambako hakuna apitaye. Palikuwa na upepo mkali. Moto ulikuwa ukizimika kila tukiuwasha, mpaka Somoe alipokwenda nyumbani akarudi na kile cheti, akakisimamisha upande wa upepo. Kilikinga vizuri sana. Fremu ile ni imara, lazima niseme.

Tukangoja. Uji ukachemka. Kwa mbali tukasikia mikokoteni ikikusanyika langoni, halafu ikanyamaza. Somoe alikuwa anakoroga sehemu moja tu.

Halafu nikasikia sauti ya Kapungu, bado yuko mbali, akiongoza kwa pua. "Huku! Tangawizi inatokea huku! Sukumeni, acheni kuangalia lile lisaruji, halitii kitu!"

Wakaja wote, kwa miguu, magurudumu yakilia. Wakaegesha mikokoteni ukutani. Tangu asubuhi ile siku yao ikawa inaanzia hapo, na wenye mizigo wakazoea kuwatafuta hapo, na mwezi haukwisha watu wakawa wanapaita Langoni. Kule kwenye sanamu wanakwenda wageni kupiga picha.

"Shemeji, kule uwanjani ulisema tutanunua kesho," Kapungu alisema asubuhi ile, akitoa kikombe. "Mimi ni mtu wa ahadi."

"Wewe ni mtu wa karai."

Walipokuwa wakinywa akatokea Mtengwa. Aliniamkia mara moja tu. Kutoka kwenye mkoba wa Wizara akatoa kikombe cha nyumbani kwao, chenye maua. Somoe akakijaza, Mtengwa akalipa, akanywa amesimama pamoja na wachukuzi, wakambanabana mabega. Kilipoisha akakishika kwa mikono miwili, akatazama pembeni. Kisha akakumbuka, akakishusha.

"Mama Uji," akasema kwa unyonge, "unajua kazi yangu. Lazima nipeleke taarifa ya kila ninachokiona."

"Basi tazama vizuri," Somoe akasema, akauzamisha upawa mpaka chini, uji ulipo wa moto zaidi, akamtilia.

Mvuke ukapanda wote usoni kwake. Miwani ikafunikwa na ukungu, vioo vyote viwili, vyeupe kama maziwa.

"Sioni kitu, mama," akasema.

"Usiifute mpaka umalize," nikamwambia. Naye akanywa.